Jogoo wa Mwalimu Mwanaidi

Juzi nilimnunulia binti yangu viatu vya shule. Ndani ya boksi, chini ya karatasi laini, mlikuwa na kile kipakiti kidogo cha punje ambacho watu wengi hukitupa bila hata kukitazama. Hiki kilikuwa kimechanika pembeni, na punje zilizomwagika zilikuwa za bluu, bluu iliyokolea kama wino. Nilizikusanya kwenye kisahani, nikakiweka juu dirishani ili mtoto asizichezee, nikasahau. Lushoto ilikuwa na ukungu siku hiyo, ule unaoingia ndani bila kubisha hodi. Kesho yake asubuhi nilipofungua pazia, punje zote zilikuwa za pinki.

Nilisimama pale nikacheka peke yangu. Binti yangu akaniuliza, "Mama, unacheka nini?" Nikamjibu, "Namcheka jogoo." Alinitazama kama mtu anayejiuliza kama mama yake amelala vizuri. Uji ulikuwa unafurika jikoni na yeye alikuwa hajavaa soksi, kwa hiyo sikumweleza. Isitoshe ni habari ndefu, na inataka mtu aliyetulia.

Kwetu ni juu ya Bumbuli, upande wa kwenda Mponde, mahali ambapo nyumba zimejipanga mteremkoni kama watu waliokaa kwenye ngazi. Chai ilianzia nyuma ya jiko letu na kuendelea mpaka macho yanapochoka. Kwetu kukauka kwa kitu ilikuwa habari ya kutangaza. Bibi alianika maharage na kuyaanua, akayaanika tena, akayaanua tena, na jioni akayarudisha ndani yakiwa mabichi kama alivyoyatoa. Sweta la shule nililivaa likiwa na unyevu, likanikaukia mwilini taratibu, na mara nyingi lilikuwa halijamaliza kukauka kabla mvua ya saa saba haijaliwahi. Harufu ya utoto wangu ni hiyo: sweta lililolowa na moshi wa mkaratusi.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba viwili vya mbele ambavyo baba alivipangisha kwa walimu. Mwaka niliokuwa darasa la pili akaja Mwalimu Mwanaidi, mtu wa Tanga mjini, na ndiye aliyenifundisha mimi. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti nzuri, aliyesema Kiswahili kana kwamba kila neno lina ladha. Lakini baridi ilimtesa. Alivaa masweta mawili, akajitanda kanga juu yake, na bado asubuhi alitoka nje amekunja mabega. Majirani walimfundisha kusalimia kwa Kishambaa, naye akawa anaitikia "Onga maundo" kwa meno yanayogongana, watu wakacheka naye. Bibi alimpenda tangu wiki ya kwanza. Alimpelekea maziwa na mkaa, na akamruhusu kuingia jikoni kwetu kuota moto wakati wowote bila kuaga.

Katika mizigo yake alikuja na jogoo. Alikuwa wa udongo mgumu, urefu wa kiganja, na mdomo mwekundu na macho ya kushangaa. Mwili wote ulipakwa rangi ya kung'aa, isipokuwa mabawa na mkia, ambavyo vilivikwa kitambaa chenye manyoya mafupi, laini kama sikio la ndama. Alipewa na sista mmoja mzee ambaye Mwalimu ndiye aliyemfundisha Kiswahili huko Tanga, siku sista huyo aliporudi kwao Ulaya. Mwalimu alimweka kwenye kizingiti cha dirisha lake, akiwa ameangalia njia, na siku ile ya kwanza nilipomwona mabawa yake yalikuwa ya bluu.

Kesho yake yalikuwa ya zambarau. Nilidhani nimeona vibaya. Mchana yakawa pinki, kama kucha za mwanamke wa mjini, na Mwalimu akatoa kichwa dirishani akamwita bibi. "Mama, anueni nguo. Jogoo amegeuka, mvua haiko mbali." Bibi alitazama juu, akaona jua, akatabasamu kwa adabu. Saa moja baadaye mabati yalikuwa yanapiga kelele kiasi kwamba hatukuweza kusikilizana.

Basi ikawa desturi. Watu wakipita kwenda shambani walisimama chini ya dirisha na kuuliza, "Mwalimu, jogoo anasemaje leo?" Akiwa bluu, bibi alianika. Akianza zambarau pembeni mwa mkia, wachuma chai walivaa zile nailoni zao kiunoni mapema. Mchungaji wetu aliyapata maneno haya, na Jumapili moja akasema kwa upole kwamba wako Wakristo siku hizi wanaomtazama jogoo kabla ya kutazama mbingu. Kanisa zima lilicheka, na nilimwona mwenyewe siku iliyofuata akipunguza mwendo wa pikipiki mbele ya nyumba yetu.

Mimi nilikuwa na jambo langu. Babu alizoea kunisimulia kwamba zamani mvua ilikuwa na mwenyewe. Zumbe, yaani mfalme wa Washambaa, ndiye aliyekuwa nayo. Watu wakimuudhi anaifunga, wakimridhisha anaifungulia. Nikamuuliza, "Babu, siku hizi anayo nani?" Babu alikuwa anamenya peasi kwa kisu chake kidogo. Hakunyanyua hata uso. "Siku hizi? Siku hizi iko pale kwa mwalimu, dirishani." Akatafuna peasi lake.

Alikuwa anatania, lakini mimi nilikuwa mtoto wa darasa la pili, na jambo lenyewe lilikuwa mbele ya macho yangu. Jogoo anageuka kwanza, mvua inafuata. Mwalimu anapiga kengele kwanza, sisi tunaingia darasani baadaye. Kuna tofauti gani? Tangu siku hiyo, kila nilipopita dirishani nilimsalimia jogoo shikamoo, kwa sauti ya chini, maana sikujua umri wake.

Sasa nimtaje shangazi Felista. Alikuwa dada mdogo wa baba, na alibaki nyumbani wakati wenzake wote wameshaolewa. Nililala naye kitanda kimoja tangu nilipoacha kunyonya. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kucheka, na alijua kuiga watu mpaka babu anatoka jikoni huku akifuta machozi. Aliuza matunda damu, yale yenye maji mekundu, sokoni Bumbuli, na huko ndiko alikokutana na Amosi, fundi pikipiki wa Magoma, kule chini penye joto, aliyekuwa akipanda mlimani siku za soko. Amosi alikuwa mtu wa maneno machache. Alikuja kwetu mara ya kwanza akiwa na mfuko wa mchele na mikono iliyosuguliwa mpaka ikawa myekundu ili mafuta ya pikipiki yasionekane. Nilimchukia kwa adabu. Nilijua amekuja kuchukua nini.

Harusi ilipangwa mwisho wa masika, kila mtu akiamini mvua zimekwisha. Usiku wa kuamkia harusi yenyewe udongo ukaporomoka, ukafunga barabara ya kupanda kutoka bondeni. Gari la akina Amosi lilifika kwenye kifusi, watu wakashuka, wakatazama, wakarudi. Pilau ililiwa na majirani. Jogoo siku hiyo alikuwa pinki tangu asubuhi, na mimi nikaamini amefanya hivyo kwa ajili yangu, kwamba amejua sitaki shangazi aondoke. Nilikula nyama nyingi kuliko siku yoyote maishani mwangu.

Jioni nikaenda stoo ya viazi kumtafuta shangazi, nikasikia analia. Hakuwa analia kwa sauti. Alikuwa amekaa juu ya gunia, gauni lake jeupe limekunjwa vizuri magotini, na mabega yanatikisika. Sikuwahi kumwona mtu mzima akilia hivyo bila mtu kufa. Nilirudi nyuma taratibu, na usiku ule sikuigusa tena ile nyama.

Baadaye nilisikia bibi na baba wakizungumza. Mama yake Amosi alikuwa amesema kwamba mlima umekataa. Alikubali ipangwe siku nyingine, kwa heshima ya mchungaji na ya baba, lakini ikishindikana mara ya pili basi, ni ishara, na yeye hatashindana na ishara. Bibi alisema, "Huyo mama hakijui kipupwe cha huku. Hata siku ya jua inanyesha."

Siku mpya ikapangwa, Jumamosi ya katikati ya kipupwe. Wiki ile jogoo alikaa bluu Jumatatu, bluu Jumanne, nikaanza kupumua. Alhamisi nilirudi kutoka shule mbio, nikatazama dirishani. Alikuwa pinki mpaka kwenye shina la bawa.

Mwalimu alikuwa bado shuleni. Dirisha lake halikuwa na nondo, nami mkono wangu ulikuwa mwembamba. Nikamtoa jogoo, nikamficha ndani ya sweta, nikaenda naye jikoni.

Shangazi alikuwa peke yake, akichambua mchele kwenye ungo.

"Umebeba nini kifuani?"

"Jogoo."

"Jogoo gani?"

Nikamtoa. Shangazi akaacha kuchambua. "Mwalimu amekupa?"

"Hajui. Shangazi, amekuwa pinki. Tumkaushe. Tukimkausha akawa bluu, tukamweka hivyo hivyo mpaka Jumamosi, mvua haitakuja na utaolewa."

Nilitegemea anichape au acheke. Hakufanya lolote kati ya hayo. Alitutazama, mimi na jogoo, kisha akaweka ungo chini, akajifuta mikono kwenye kitenge, akasukuma kuni ndani ya mafiga.

"Usimsogeze sana," alisema. "Ataungua."

Tukachuchumaa pamoja. Nilimshika jogoo kwa mikono miwili, na shangazi akawa ananirekebisha, sogea, rudi, mgeuze upande wa pili. Kwanza hapakutokea kitu. Halafu ncha ya mkia ikaingia zambarau, kama kidole kilichoshika matunda damu. Zambarau ikapanda. Nyuma yake ikaja bluu, polepole, unyoya baada ya unyoya, mpaka bawa zima likawa rangi ya anga ya Januari. Shangazi alivuta pumzi. Mwanga wa moto ulikuwa usoni kwake na alikuwa anatabasamu kwa namna ambayo sikuiona tangu masika. "Mgeuze," alininong'oneza. "Bawa jingine."

"Hodi humu."

Mwalimu Mwanaidi alikuwa amesimama mlangoni na madaftari yake kwapani. Nilitaka kumficha jogoo, lakini alikuwa wa moto, na sweta langu lilikuwa la nailoni. Nikabaki nimemshika vile vile.

"Kumbe jogoo wangu amekuja kuota moto," Mwalimu alisema. "Ana akili kuliko mimi." Akavuta kigoda, akakaa, akanyoosha mikono kwenye mafiga. "Haya, nani ataniambia?"

Shangazi alinitangulia kusema. "Ni sisi wote wawili, Mwalimu. Tulikuwa tunaizuia mvua ya Jumamosi."

Nilimshangaa. Alisema bila aibu, kama mtu anayesema tulikuwa tunapika. Mwalimu naye hakucheka. Alimchukua jogoo mkononi mwangu, akampulizia, kisha akaondoa kifuniko cha birika lililokuwa linachemka pembeni. "Tazama hapa, mwanangu." Akalipitisha bawa moja kwenye mvuke. Pale pale bluu ikafifia, na doa la pinki likatokea, sawasawa na mahali mvuke ulipogusa.

"Amegeuka," nilisema.

"Amegeuka. Mvua inanyesha humu jikoni?"

Nikatazama dari lenye masizi. "Hapana."

"Hiki kitambaa kimetiwa chumvi fulani. Si hii tunayokula. Ikinywa unyevu wa hewani inakuwa pinki, ikikauka inarudi bluu. Jogoo haiiti mvua. Anahisi unyevu kabla yetu, basi. Wewe ukihisi baridi asubuhi, ndiwe uliyeileta?"

"Hapana, Mwalimu."

"Na yeye ni hivyo hivyo."

Niliyaelewa yale maneno, na ndiyo yaliyonifanya nilie. Siku zote zile nilidhani yuko mtu wa kumwomba, ameketi pale dirishani, namwona, namsalimia. "Sasa mvua anayo nani?" niliuliza.

Mwalimu akanivuta kwenye kanga yake, iliyonukia karafuu na chaki. "Anayo Mwenyezi Mungu. Hajamkabidhi mtu wala ndege."

Shangazi alikuwa anatazama lile doa la pinki likirudi kuwa bluu kwa joto la moto. Akasema taratibu, "Kwa hiyo, Mwalimu, anayesema mvua ni ishara, kwamba mlima umekataa..."

"Mlima hausemi, Felista. Mlima una mawingu tu. Kama kunyeshewa ni kukataliwa, basi nyinyi nyote mmekataliwa tangu mzaliwe, na mimi niliyewafuata huku nimekataliwa zaidi."

Shangazi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika ubavu, Mwalimu naye akashindwa kujizuia, na mimi nikacheka huku kamasi zinatoka, bila kujua sawasawa tunacheka nini. Bibi aliingia na ndoo ya maji akatukuta hivyo, jogoo wa udongo katikati yetu, akasema tu, "Mchele wenyewe mmechambua?"

Jioni ile, kabla giza halijaingia, shangazi alinishika mkono tukapanda mpaka kwenye mwamba nyuma ya kanisa, mahali pekee ambapo simu ya baba ilipata mtandao. Nilimsikia yeye tu, upande wa Amosi sikuusikia. "Amosi? Sikiliza. Huku kuna wingu... Ndiyo, najua. Sikiliza kwanza. Msirudi. Gari likikwama, shukeni. Njooni kwa miguu, na mimi nitashuka. Tutakutana popote tutakapokutana." Akasikiliza jibu lake. "Mama mwambie namsalimu. Mwambie shikamoo. Mwambie nakuja kumpokea mimi mwenyewe."

Jumamosi ilipambazuka hakuna mlima. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya chai yote, na mvua nyembamba, ile isiyopiga kelele, ilianza kabla ya chai ya asubuhi na haikuonyesha nia ya kuacha. Kwaya ilikusanyika kanisani, ikaimba, ikanyamaza, ikaimba tena. Mchungaji alitoka mlangoni, akarudi. Saa sita ikapita. Nyumbani shangazi alikuwa amekaa kitandani kwetu akiwa tayari, gauni jeupe, maua kichwani, na mikono yake imetulia mapajani.

Ndipo tukasikia sauti ya mwanamke ikiita kutoka mashambani, ikipokelewa na mwingine aliye juu zaidi, na mwingine, hadi ikafika kwetu: gari limekwama kule chini, karibu na daraja, na watu wako barabarani.

Baba akasema, "Tungoje. Bibi harusi hamfuati bwana harusi njiani, haijapata kuonekana." Babu aliguna. Shangazi alisimama na kusema, "Kaka, nilishamwambia nitashuka."

Kila mtu akamtazama bibi. Bibi alienda nyuma ya mlango wa jikoni, akarudi na buti za mpira za baba, zile za kuchumia chai, akazigongesha pamoja udongo udondoke, akaziweka mbele ya miguu ya binti yake.

Tulishuka. Shangazi alilipandisha gauni kiunoni, akalifunga kwa kitenge, na chini yake zikatokea zile buti nyeusi. Mwalimu Mwanaidi alimshikia mwavuli, bibi alifuata, akafuata mama yangu na wanawake wa kwaya, na mimi nikiwa nimeng'ang'ania ncha ya kitenge. Njia ilikuwa inateleza kama sabuni. Wanawake walianza kuimba, kwanza ili wasiogope kuanguka, baadaye kwa sababu wimbo ulikuwa umewakolea. Wachuma chai waliacha vikapu wakatufuata.

Tukawakuta kwenye kona yenye miti ya migrivea. Amosi alikuwa mbele, suruali ya suti imekunjwa mpaka magotini, viatu mkononi. Nyuma yake walikuwa wajomba na shangazi zake, wakitetemeka katika nguo za watu wa joto, na juu ya jiwe la kando alikuwa amekaa mama yake, mwanamke mkubwa aliyevaa kitenge cha thamani kilichotapakaa udongo mwekundu. Kiatu chake kimoja kilikuwa kimebaki matopeni huko nyuma.

Wimbo ulizimika. Mama Amosi hakusimama. "Mnaona wenyewe," alisema. "Mara ya pili."

Shangazi alitoka chini ya mwavuli, akaenda mpaka mbele yake, akapiga magoti pale pale kwenye tope na gauni lake jeupe. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Ilimtoka kwa mazoea. Kisha akasema, "Inuka. Unachafua gauni."

"Limeshachafuka, mama. Nipe mguu."

"Mguu wa nini?"

Shangazi alikuwa ameshakaa chini. Akavua buti moja, akavua ya pili, akaupangusa mguu wa Mama Amosi kwa pindo la kitenge chake, akauvisha buti. Akapangusa na wa pili. Mama Amosi aliduwaa, akamtazama yule mwali wa miguu mitupu aliyekaa kwenye tope akimvisha buti kama mtoto, na nikauona mdomo wake ukianza kutetemeka. Nilidhani atalia.

"Huku kwenu," alisema, "jua linaombwa kwa barua?"

Alicheka yeye wa kwanza. Halafu tukacheka kona nzima, na bibi akavua sweta lake akamfunika mabegani, na Amosi, yule mtu wa maneno machache, akampa shangazi mkono wa kuinukia na hakuuachia tena mpaka kanisani. Tulipanda sote kwa nyimbo, Mama Amosi akitangulia katika buti za baba yangu, akisimama kila baada ya hatua chache kulalamika na kusonga tena. Mchungaji aliwapokea mlangoni, akatazama gauni lililokuwa jeupe kutoka kiunoni kwenda juu na jekundu kutoka kiunoni kwenda chini, akasema, "Karibuni, maharusi. Naona ardhi yetu imewabariki kabla yangu."

Sherehe ilifanyika ndani ya darasa letu la pili, maana uwanja ulikuwa ziwa. Mwalimu alifungua, tukasogeza madawati, na bwana na bibi harusi wakakaa chini ya ubao. Mvua haikuacha, na barabara haikupitika, kwa hiyo wageni walikaa kwetu siku baada ya siku. Wajomba wa Magoma walivaa masweta ya shule yaliyowafika viwikoni. Mama Amosi alihamia jikoni, wakabishana na bibi kuhusu kiasi cha tangawizi kwenye chai, na kila mmoja alipogeuka mwenzake aliongeza au kupunguza kwa siri. Shangazi alikuwa ameolewa na bado alikuwa nyumbani. Sikuweza kuamini bahati yangu. Asubuhi niliamka nikamkuta uani anafua suruali ya suti ya mumewe, akamwiga mchungaji kwa ajili yangu, na Amosi akacheka kwa sauti kwa mara ya kwanza, kicheko kizuri, na hapo nikaacha kumchukia.

Kisha jua likatoka. Lilitoka asubuhi moja bila kutuuliza, mabati yakafuka moshi mweupe, na gari likatolewa kule darajani likapandishwa mpaka kwetu. Wakapakia masanduku, mkungu wa ndizi, gunia la viazi, na kikapu cha matunda damu. Shangazi alinikumbatia mpaka mbavu zikauma, akaingia ndani, akakaa dirishani kando ya mumewe na mama mkwe wake. Gari likaondoka, likafika chini kidogo ya kanisa, likazama kwenye tope.

Dereva alikanyaga mafuta, magurudumu yakazunguka pale pale. Shangazi akatoa kichwa dirishani, akatutazama, akaniangalia mimi. Baba akapiga makofi akasema, "Haya, wote." Tukakimbia. Babu alikimbia, mchungaji alikimbia na pikipiki aliiacha imelala njiani, Mwalimu Mwanaidi akafunga kanga kiunoni. Nilipenya katikati ya miguu ya watu mpaka nikafika kwenye bodi, nikaweka viganja vyangu viwili kwenye chuma kilichokuwa kimeshapata moto wa jua, nikasukuma kwa nguvu zangu zote. Tope likaturukia usoni. Gari likajikwamua, likaondoka, na shangazi akawa anacheka na kupunga mkono dirishani mpaka lilipokata kona kwenye chai.